Miezi saba na gemu la bandari: rivyu ya wakala aliyekosea namba

Naanza na nyota kabisa ili asiye na muda asihangaike kushuka mpaka chini. Gemu lenyewe kama gemu nalipa nyota nne kati ya tano. Kama kitu cha kuishi nacho kwenye simu nalipa moja, na hiyo moja ni ya muziki, maana ule muziki wa asubuhi meli zinapong'oa nanga ni mtamu jamani sio uongo. Jina silitaji, kwanza yako mengi yamefanana kama vifaranga, pili sitafuti ugomvi na mtu, ila anayecheza magemu ya aina hii ataelewa nazungumzia nini. Ni la kujenga mji wa bandari, una gati lako, una maghala, meli zako zinaenda kuleta mzigo zinarudi, unajenga mnara unapanda levo, alafu unajiunga na wenzio mnakua muungano mnaenda kuvamia bandari za watu. Kulipakua ni bure. Hilo bure liwekeni pembeni kidogo ntalirudia.

Mi ni wakala wa pesa za simu, nipo Mbagala Rangi Tatu, kibanda changu hakiko mbali na stendi. Wanaoifanya hii kazi wanaijua, asubuhi watu wanatoa nauli, jioni wanaweka mauzo, mwisho wa mwezi hupumui, ila kuanzia saa saba mpaka saa tisa mchana na lile jua unakaa unahesabu daladala tu. Mdogo wangu wa kiume ndo aliniwekea hili gemu, akasema dada we mchana uko uko tu hapo, kaa na hiki upoteze mda. Nikapoteza kweli, hakunidanganya.

Wiki ya kwanza nawaambia ni raha tupu. Unagusa hivi ghala linajengwa sekunde kumi limeisha, unagusa vile meli imerudi na mzigo, kasha linafunguka, sarafu zinamwagika na mlio wake ule wa chingchingching, levo 2, levo 3, levo 5 ndani ya nusu saa, kila unachogusa unapongezwa. Kwenye maisha yangu ya kawaida nani ananipongeza? Nahesabu pesa za watu kutwa nzima nisikosee hata mia, na nisipokosea hakuna anayesema asante, nikikosea ndo najulikana. Kwaiyo kigemu kinachonipigia makofi kwa kujenga ghala nilikipenda, sioni aibu kusema.

Levo 8 hivi mambo yakaanza kubadilika polepole mpaka hata hushtuki. Ghala la sekunde kumi likawa la dakika tano, mara saa moja, mara saa nane, kufika levo 20 mnara wangu ulikua unataka siku sita kujengwa. Siku sita! Na hapo ndo unaletewa kidirisha, unataka uishe sasaivi? lipa almasi. Mi mwanzo nikaona huo ndo ujanja wenyewe, kwamba wananisubirisha nichoke nilipe. Mdogo wangu akasema hapana dada, kulipa ni nusu ya habari, nusu nyingine ni kwamba ukijua meli inarudi saa kumi na dakika ishirini, kichwa chako kinakaa na saa kumi na dakika ishirini hata kama uko sokoni unachagua nyanya. Na kweli. Unakua kama mtu mwenye sufuria jikoni muda wote. Huli, huogi, husali kwa utulivu, kuna kitu kiko motoni.

Hii ya kusubirisha sio wao walioivumbua. Candy Crush iliyotoka 2012, ile ya peremende ambayo kila shangazi aliwahi kuicheza, inakupa maisha matano, ukimaliza unasubiri dakika 30 moja lirudi. Ukiitazama juujuu unaona wanakuhurumia upumzike. Wapi! Mtu aliyeshiba anasahau chakula, mtu aliyepokonywa sahani katikati ya tonge atazunguka hapo hapo mlangoni mpaka arudishiwe.

Sasa nije kwenye almasi, hapa nina hasira za kitaalamu kabisa maana pesa ndo kazi yangu. Pakiti ndogo ya almasi 80 ni kama shilingi 2,500. Kitu cha bei rahisi kuliko vyote kwenye duka lao ni almasi 90. Umeona hapo? Ukinunua moja haitoshi, ukinunua mbili zinabaki 70, na 70 zinakukodolea macho mpaka unaongeza nyingine. Alafu almasi zinanunua tiketi, tiketi zinazungusha gurudumu, gurudumu linatoa vipande, vipande 60 ndo meli moja. Mi nayejua kamisheni ya kila muamala bila kuangalia chati, ukinishtua usingizini ukaniuliza makato ya kutoa elfu hamsini nakujibu, lakini ile meli yenye tanga jekundu ilinigharimu shilingi ngapi sikuweza kusema mpaka nilipokaa na kalkuleta. Almasi 1,400 hivi jumla. Piga kwa shilingi 31 na senti zake. Elfu 43 na ushee, kwa picha ya meli. Kuna mbao za kuongezea kibanda changu zilikua zinauzwa elfu 40 wiki hiyo hiyo nikasema ni ghali.

Baadae nikaja kusoma kwamba hili la kubadilisha pesa mara tatu nne mpaka mtu asijue anatumia ngapi ni jambo serikali ya Marekani ilishalishtakia watu. Januari 2025 tume yao ya biashara, FTC, ilimalizana na kampuni yenye gemu la Genshin Impact kwa faini ya dola milioni 20, wakalalamikia maboksi ya bahati, yale unayolipia bila kujua ndani utatoa nini, na huo mzunguko wa sarafu za kwenye gemu unaoficha bei halisi, na wakaambiwa wasiwauzie hayo maboksi walio chini ya miaka 16 bila mzazi kukubali. Na kabla ya hapo, Desemba 2022, Epic Games wenye gemu la Fortnite walikubali kulipa dola milioni 520, ndani yake milioni 245 za kurudishia wateja, sababu tume ilisema vitufe vilipangwa kwa namna ya kumchanganya mtu mpaka ananunua bila kukusudia, mwingine anaamsha tu gemu lililolala kumbe amenunua nguo za kwenye gemu. Kiasi kingine, milioni 275, kilihusu taarifa za watoto. Kwaiyo mkisema mi nimezembea sawa nimezembea, lakini sikua peke yangu na waliolipanga lile duka hawakua wamelala.

Gurudumu nalo. Unazungusha linapita kwenye meli ya dhahabu taratiiibu, tk, tk, tk, linagota nafasi moja mbele. Moja tu! Unahisi umekosa kidogo, kumbe hakuna cha kidogo, ile ni katuni, kompyuta ilishaamua upate nini kabla gurudumu halijaanza kuzunguka, linalokuja kugota pale ni maonyesho. Kuna yule mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner, miaka ya 1950 huko alikua na njiwa wake kwenye boksi, njiwa akidonoa kitufe anapewa punje. Akipewa kila baada ya idadi ile ile ya kudonoa, akishaipata anatulia kidogo kabla ya kuanza tena. Akipewa bila mpangilio, mara baada ya kudonoa mara tatu mara baada ya hamsini, anadonoa hapumziki. Nilivosoma hiyo nilikua kibandani nimeshika simu, kidole kiko juu ya kitufe cha kuzungusha. Nikacheka mwenyewe, jirani yangu wa chipsi akaniuliza vipi, nikamwambia nimegundua mi ni njiwa.

Lakini ngoja. Hayo yote, kusubirishwa na almasi na gurudumu, mi ningeyashinda. Nasema kweli. Mwezi wa tatu nilishaanza kuchoka, siku nyingine nafungua mara moja tu. Kilichonishika shingo ni muungano.

Muungano ni kikundi cha watu 50. Wetu kiongozi ni kijana wa Mombasa tunamuita Kapteni, kuna dada wa Pemba yuko Muscat anafanya kazi za ndani anacheza watoto wa bosi wake wakishalala, kuna kijana wa Bujumbura anaandika Kiswahili chake na Kirundi humo humo, kuna watu wa Arusha, Kigoma, mwingine dereva wa lori hatujui kwao wapi leo yuko Tunduma kesho Lubumbashi. Watu wazuri. Na sisi tulikua na kero za Muungano kama kawaida, nani anachangia nani hachangii, nani anakula vya wenzie. Maana kila siku kila mtu anatakiwa atoe mchango wa mbao na chuma kwenye hazina ya pamoja, na jina lako linaonekana kwenye orodha na kiasi ulichotoa, wasiotoa wanawekwa chini kabisa kwa rangi ya kijivu. Mnaona hapo? Ni kikoba! Ni kikoba kamili, kuna katibu, kuna michango, kuna faini, kuna kusemwa, tofauti ni moja tu kwamba kwenye kikoba mwisho wa mwaka tunagawana, kwenye upatu zamu yako inafika unapokea, huku unachangia unachangia unachangia zamu haifiki kwa mtu, anayepokea ni mwenye gemu.

Na mtu aliyelelewa huku kwetu utamwambia nini kuhusu mchango. Mi kwenye harusi ya mtu nisiyemjua vizuri naona aibu jina langu likibaki na deni kwenye grupu la wasap, itakua watu ninaoongea nao kila usiku? Simu inalia, meseji zenyewe za Kiingereza nazitafsiri kwa raha zangu, "Muungano wako unashambuliwa, wenzako wanakuhitaji". Sio gemu linakuhitaji. Wenzako. Unafungua unakuta kweli bandari ya dada wa Muscat inaungua na yeye saa hizo yuko kazini hawezi kushika simu, unamuachaje? Unatuma meli. Kapteni anaandika, ahsante sana dadangu, wewe ndio mtu wa kutegemewa hapa. Basi umekwisha.

Alafu siku ya gemu inaisha saa tisa usiku. Nilijiuliza sana kwa nini saa tisa, kumbe wanafuata saa ya dunia ile ya kimataifa, kwao ni saa sita kamili ya usiku, kwetu Afrika Mashariki tunaongeza tatu inakua tisa, Muscat wanaongeza nne inakua saa kumi alfajiri. Zawadi ya siku inabadilika saa tisa, mchango unahesabiwa saa tisa, ngao za watu zinaanguka saa tisa. Nilikua naweka alamu. Mume wangu mwanzo alidhani naamka kuswali tahajudi, akanisifia kwa mama yake. Sikumsahihisha, Mungu anisamehe.

Na zawadi za kila siku, ukifungua siku 28 bila kuruka unapewa meli kubwa, ukiruka moja unaanza sifuri. Siku yangu ya 26 ilinikuta msibani Kilwa. Netiweki ya kubahatisha, bando limeisha, nikamuomba binamu anirushie, nikaenda nyuma ya jiko, akina mama wanakuna nazi za wali wa msiba, mi nimenyanyua simu juu kama mtu anayeanika nguo, natafuta mnara nibonyeze kasha moja. Shangazi akauliza unatafuta nini mwanangu, nikasema nawapigia wa Dar walioko njiani. Hiyo meli niliipata. Mpaka leo nikiiona naona aibu, haina hata spidi.

Sasa siku yenyewe. Vita vya miungano vinaisha saa tisa mchana kamili, ile ni Jumamosi, imebaki kama dakika nne tuko nyuma pointi chache, Kapteni anapiga kelele kwenye chati, wote ndani wote ndani. Anakuja mzee anataka kuweka laki tatu kwa binti yake, ni ada. Simu ya kazi mkono wa kulia simu ya gemu imeegemezwa kwenye boksi la vocha. Anasoma namba naandika, jina linatokea, silisomi, naweka namba ya siri, imeenda. Mzee anapiga simu kwa binti, binti anasema haijaingia baba. Naangalia jina, sio la kike hata. Namba ya mwisho nimeandika 6 badala ya 9. Miaka minne ya uwakala sijawahi. Napiga huduma kwa wateja, napiga kwa huyo aliyepokea, hapokei, ameshaanza kutoa. Ikaja kurudi laki na arobaini, nyingine nikajaza kwenye floti yangu, yani mtaji wa kazi, maana mzee hana kosa. Na kilichoniuma sio hela, ni kwamba wakati nahangaika yule mzee aliitazama ile simu nyingine inavyowaka na kulia, akaniuliza kwa upole kabisa, mwanangu, kuna mtu anaumwa huko? Nikasema hapana baba.

Vita tulishinda. Kwa pointi kumi na moja.

Nikakaa wiki nzima nasoma kuhusu haya mambo, nikasema hebu nijue kama ni akili yangu ndogo au nilipangiwa. Na jibu langu ni kwamba imepangwa, na wala hawafichi, ni sisi tu hatusikilizi. Wenye haya makampuni wanapima wangapi wamerudi siku ya kwanza, siku ya saba, siku ya thelathini, kama sisi tunavyopima miamala. Wachezaji wanaolipa sana wanawaita nyangumi, ndo jina lao huko kwenye biashara, mwaka 2016 bosi mmoja wa kampuni ya gemu alisimama kwenye mkutano Helsinki akafundisha wenzie mbinu za kuwavua hao nyangumi na kichwa cha mada yake kilikua hivyo hivyo. Activision, kampuni nyingine ya gemu, walipewa hataza Marekani mwaka 2017, yani hati ya kumiliki ubunifu, ya mfumo wa kumkutanisha mchezaji mchanga na fundi mwenye silaha ya kununuliwa ili mchanga aitamani, wenyewe walisema hawajaiweka kwenye gemu lolote, sawa, lakini mtu aliyekaa akafikiria mpaka akaiandikisha alikua anafikiria nini?

Na kuna mmoja wa upande wa pili naye nimtaje, Dong Nguyen wa Vietnam aliyetengeneza Flappy Bird, kale kandege, mwezi wa pili 2014 kako juu kabisa kanamuingizia hela alikaondoa mwenyewe, akasema kamekua kitu cha kuwateka watu. Huyo namheshimu. Ila kalikua hakana almasi wala muungano wala saa tisa usiku, ni kandege na mabomba tu, na bado watu waliganda. Kwaiyo siwezi kusema kila kinachoganda kimewekwa gundi makusudi.

Hapo ndo ubishi wangu na mdogo wangu ulipo. Yeye anasema dada kitu kizuri lazima kiteke, wazee wa bao pale chini ya mkwaju wanakaa toka asubuhi mpaka adhana ya magharibi, wake zao wanawatukana, bao nalo limetengenezwa liwateke? Nikafikiri sana hiyo. Kweli mzee wa bao analewa bao. Lakini bao halijawahi kumpigia simu mzee usiku kumwambia kete zako zinalia. Bao halijui kwamba mzee hajaja siku tatu, halimpunguzii bei ili arudi. Ukiondoka unaondoka, zile kete zinabaki kwenye mti hazina habari na wewe.

Na chukua kibanda cha pleisteshen hapo nyuma ya stendi, jero mechi moja, watoto wamejazana kwenye benchi. Kelele, matusi, wazazi wanakilaani hicho kibanda kila siku. Mi nilikua mmoja wao. Sasaivi nakitazama tofauti kabisa, maana kule mechi ina dakika zake, inaisha, jero yako imeisha, nyuma yako kuna mtu amesimama anakwambia toka na wee tupo wengi, na mwenye kibanda saa nne usiku anazima umeme anafunga anaenda kulala. Kuna mlango. Kwenye simu hakuna anayekwambia toka, foleni hamna, mwenye nyumba halali, na ukijitoa mwenyewe unafuatwa.

Nchi nyingine zimejaribu kuweka huo mlango kwa sheria. China toka Septemba 2021 mtoto chini ya miaka 18 anaruhusiwa gemu za mtandaoni saa moja tu, saa mbili mpaka saa tatu usiku, Ijumaa Jumamosi Jumapili na sikukuu basi. Korea Kusini walikua na sheria toka 2011 ya kuwafungia walio chini ya 16 kuanzia saa sita usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, wakaja kuifuta, ikaisha Januari 2022. Ubelgiji mwaka 2018 walisema maboksi ya bahati ya kulipia ni kamari, EA, kampuni ya gemu la mpira la FIFA, wakaacha kuuza pointi za FIFA kule. Japani hata kabla, 2012, walipiga marufuku ile ya kukusanya seti ya vitu tofauti vya bahati nasibu ili upate zawadi kubwa. Ila hiyo ya China mi siitamani hivyo ilivyo, maana wanambana mtoto, aliyepanga saa tisa usiku hawamgusi sana.

Shirika la Afya Duniani nao waliliweka hili la kushindwa kuacha gemu kwenye kitabu chao cha magonjwa, wakalipitisha 2019 likaanza kutumika 2022. Dalili wanazosema, huwezi kujizuia, gemu linapanda juu ya mambo yako mengine yote, na unaendelea hata ukiona linakuharibia, na kwa kawaida iwe imefika kama mwaka. Wanasema wachezaji wanaofika huko ni wachache. Nikajipima, mwaka bado, mbili za mwanzo ndio, ya tatu ndo ile Jumamosi, nilijua linaniharibia na jioni yake bado nilifungua kupokea kasha la ushindi. Sijiiti mgonjwa. Lakini yule mzee wa ada angeulizwa sijui angesema nini.

Kwa ambao bado mnalitaka, mambo ya kawaida ya rivyu ni haya. Linakula nafasi karibu gigi mbili na kila apdeti linaongezeka. Simu ya ramu 3 linaenda ila linapasha moto, kwenye jua la mchana kibandani linajizima. Bando sio baya kama video, ubaya ni kwamba apdeti zinakuja ghafla na bila kushusha huingii, na siku ya vita ndo zinapenda kuja. Picha nzuri mno, usiku taa za bandari zinavyopepea kwenye maji mtu aliyechora hiyo kazi anaijua. Kiswahili hamna. Matangazo machache. Kitufe cha kuzima meseji kipo ila kiko ndani ya kitufe ndani ya kitufe, na ukizima zote linakuuliza una uhakika, wenzako watakufikiaje? Kufuta akaunti ni ndani zaidi, nilitafuta siku mbili, alafu wanakupa siku kadhaa za kufikiria kabla haijafutika, almasi walikua hawanipi hata dakika ya kufikiria. Na lile bure la mwanzo sasa, hela zangu jumla nimehesabu kwenye miamala ni 212,000, bila kuhesabu ya mzee. Mwenye mtoto asimpe simu yenye kadi imeunganishwa, hilo halina mjadala.

Nilivyoaga kwenye chati wengi hawakujibu, ilikua katikati ya wiki. Kapteni aliandika, haya dadangu, mlango uko wazi, akaweka mtu mwingine kwenye nafasi yangu siku hiyo hiyo maana vita vilikua vinakuja na yeye anasemwa na orodha kama sisi. Sikumlaumu. Dada wa Muscat tulikua tumepeana namba, alinipigia Ijumaa moja baada ya kama wiki tatu, nikadhani anataka nirudi nilinde bandari yake. Akasema hapana, nimekukosa tu, na mi nimeacha toka juzi bosi alinikuta macho saa kumi. Tukaongea saa nzima, mambo ya Pemba, bei ya karafuu, mwanae anaanza darasa la kwanza. Katikati ya maongezi nikaangalia ukutani, ilikua saa tisa kasoro dakika mbili, kidole kikachezacheza chenyewe.